Siku Kinu Kiliponyamaza

Kuna mota inayozunguka na kuna mota inayohesabu. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa kwenye kinu cha umeme cha jirani yangu: unabonyeza swichi, inanguruma, inasaga mahindi ya watu, wala haijui imezunguka mara ngapi tangu asubuhi. Ya pili inakwenda kwa hatua. Unaipa pigo moja la umeme, inasogea hatua moja na kusimama. Ukiipa mapigo mia mbili, shafti yake imemaliza duara moja kamili, haikupungua wala haikuzidi. Nilipoelezwa jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani nimepata ndugu. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili: mayai, ngazi, abiria wa basi ninalopanda. Kumbe huko mbali kuna watu wametengeneza chuma chenye tabia yangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, milango ilipofunguliwa na kila kilichochoka Ulaya kikaanza kushushwa bandarini Tanga. Kabla ya hapo nilikuwa fundi redio Lushoto, nikitengeneza redio zile zile za watu wale wale, mpaka nikawa nazitambua kwa kikohozi. Makontena yalipoanza kuingia nikawa nateremka Tanga kila mwezi na kurudi na fotokopi zilizokufa, printa zilizokufa, kompyuta zilizo mahututi. Wenzangu waliingia kwenye mitumba ya nguo. Mimi niliingia kwenye mitumba ya vyuma. Kitu kizima hakina mazungumzo, unalipa unaondoka. Kilichokufa, muuzaji mwenyewe anakionea haya, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Ndivyo nilivyoipata mashine ya kuchonga. Ilikuwa meza ya chuma, ukubwa wake kama kitanda cha mtoto. Juu yake kulikuwa na daraja linalokwenda mbele na nyuma, na juu ya daraja kichwa kinachokwenda kushoto na kulia, kupanda na kushuka. Kichwani palikaa mota ndogo kali yenye kisu. Kompyuta ndiyo inayoiambia iende wapi. Niliambiwa kwamba wenzetu huko huziweka nyumbani kwa kujifurahisha, kama sisi tunavyofuga njiwa. Muuzaji alidhani ni mashine ya kufumia mazulia. Sikumsahihisha, maana mazulia yalikuwa na bei nafuu kuliko kuchonga.

Boksi lake la kuongozea lilikuwa limekaliwa na panya. Walikula nyaya, wakalala kwenye transfoma, na mmoja alibaki humo humo kama ushahidi. Mota mbili kati ya tatu zilikuwa zimeungua. Nilikaa na maiti ile miezi mitano kwenye karakana yangu, chini kidogo ya barabara iendayo Malindi, ile ya kwetu milimani. Mota za hatua nilizitoa kwenye fotokopi mbili kubwa. Kadi za kuziendesha nilizisuka mwenyewe, transista kwa transista. Transfoma niliitoa kwenye amplifaya ya bendi moja ya dansi iliyovunjika, bendi na amplifaya vyote. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa na tundu la printa, nikapitisha nyaya humo. Yenyewe ilidhani inachapa barua, kumbe inatembeza daraja.

Mteja wangu wa kwanza hakuwa mteja.

Alikuwa mzee wa bondeni kwetu, Mlutheri, fundi seremala aliyeacha madirisha na meza akabaki na kitu kimoja: misalaba ya makaburini. Mtaa mzima ulimwita fundi misalaba, na mimi, Mwislamu nisiyehitaji bidhaa yake, nilimwita babu. Alichonga majina kwa patasi miaka zaidi ya thelathini. Herufi zake zilijulikana. Herufi A yake ilikuwa na mguu mmoja uliotangulia kidogo, kama mtu anayepanda mlima, na ukiingia makaburi yoyote ya milimani kwetu ungeweza kusema hii yake, hii si yake.

Alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni.

"Onga makeo, mghosi," alisema. Hiyo ndiyo habari za asubuhi ya Kishambaa, na mghosi ni bwana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nasikia una chuma kinachoandika."

"Kinaandika kikipenda."

Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka, si kama ya mtu mwenye baridi, bali kama majani yanayopitiwa na upepo ambao wengine hawausikii.

"Yangu nayo inaandika ikipenda," alisema. "Na haipendi tena."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikwenda Muheza kumwangalia binti yao aliyejifungua, akaugua huko huko. Mzee alipopata habari mvua za masika zilikuwa zimeshakata barabara ya Soni, mlima umekaa katikati ya njia. Alitembea kwa miguu juu ya tope na mawe hadi Mombo, akapata gari, akafika Muheza wameshamzika tangu jana yake. Joto la Muheza halisubiri mtu. Akakaa siku saba kwa mkwewe, akarudi kwa miguu vile vile, na nyumbani akakuta uwanja umejaa majani. Hakuna aliyekaa matanga, kwa kuwa maiti haikuwapo na mwenye msiba hakuwapo. Aliwasha moto, akajipikia chai. Watu wakawa wanakutana naye njiani, wanamwambia "pole babu" huku wanatembea, kama anavyoambiwa mtu aliyejikwaa.

Hayo aliyasimulia mara moja tu, akiangalia mota zangu, si mimi.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Mkwe wake alikuwa amepanga kujengea kaburi Jumamosi fulani, na msalaba ulitakiwa upande basi la Tanga Ijumaa yake. Mtaani walimshauri aandikishe kwa rangi. Alikataa. Mkewe hakujua kusoma hata jina lake, lakini miaka yote ile ndiye aliyepiga msasa misalaba yote, na herufi alizijua kwa kidole. Aliwahi kuukataa msalaba mmoja. Alipapasa, akasema, "Hizi mbili hazifanani," na kweli mzee alikuwa amechonga N moja imegeuka. Walikuwa wamekubaliana kwa utani wa wazee kwamba atakayebaki atamwandika mwenzake. Yeye alikuwa amebaki.

Mbao aliyotaka ichongwe ilikuwa moja. Ilikuwa ya mkulo, mti wa msitu wetu ambao siku hizo haukukatwa tena kwa ruhusa wala kwa wizi mdogo. Aliiweka chini ya kitanda miaka ishirini. Hapakuwa na ya pili. Mashine ikikosea herufi moja, basi, jina la mama yule lingeandikwa kwa brashi.

Nilimwambia ukweli wa biashara, yaani nusu. "Nitafanya majaribio kwenye paini kwanza."

"Fanya," alisema. "Mimi sina haraka. Siku ndiyo inayo."

Aliniletea violezo vyake vya plaiwudi, herufi zote, alivyovikata alipokuwa kijana mkono ukiwa imara. Niliviweka kwenye karatasi ya mirabaraba, nikazungusha penseli, nikahesabu vijumba. Kila pembe ya kila herufi niliigeuza kuwa namba, na kila namba niliihesabu mara mbili, kisha nikaiingiza kwenye kompyuta. Herufi kumi na nane na tarakimu za kuzaliwa na kufa. Kazi nzima, kwa mwendo wa pole pole ambao mota za fotokopi zingeuvumilia, ilikuwa karibu saa nne bila kusimama.

Na mashine ikaanza kunidanganya.

Kila nilipoiwasha, nilikuwa naweka alama ya penseli mahali kisu kinapoanzia. Kazi ikiisha, kisu kinatakiwa kirudi juu ya alama ile ile, maana hatua zilizokwenda mbele na zilizorudi ni sawa. Hakikurudi. Siku moja kilipungua upana wa punje ya mchele, siku nyingine upana wa punje tatu. Herufi za mwisho zilikuwa zimepanda juu ya jirani zao kama watu kwenye foleni ya sukari ya zamani. Mota inayohesabu ilikuwa imepoteza hesabu, na ilikuwa haisemi ni wapi.

Nilikamata kila mtuhumiwa. Kwanza kiungo cha shafti, nikakikaza, nikakifunga kwa pini. Hakuwa yeye. Nikashuku joto la mota, nikazifungia feni ya kompyuta. Haikuwa joto. Nikabadilisha transista nne. Nikapunguza mwendo. Nikasafisha skrubu ndefu inayosukuma daraja kwa mafuta ya taa, nikaipaka grisi. Nilileta stebilaiza ya friji kutoka kwa mtu ninayemdai fadhila. Ikawa inagonga ka, ka, ka, na mashine ikazidi kuchanganyikiwa. Nikaazima betri mbili za lori nikaendeshea mota za hatua, hapo nikaona nafuu kidogo, lakini mota ya kisu ilikuwa bado inakula umeme wa ukutani, na kisu kikilegea ndani ya mbao, daraja linakwama na hatua zinapotea palepale.

Yote niliyaandika kwenye daftari: tarehe, nilichobadilisha, na punje ngapi zimepungua. Majaribio ishirini na sita. Nilihesabu tena, ishirini na sita. Kati ya hayo, matatu yalikuwa mazuri kabisa. Kisu kilirudi juu ya alama kama mtu anayerudi kwake. Na katika siku hizo tatu sikuwa nimebadilisha kitu chochote. Hilo ndilo lililoniumiza. Fundi anaweza kuvumilia kitu kibovu. Kitu kinachopona chenyewe bila kumwambia kinamdhalilisha.

Jumanne ya wiki ile ile ya msalaba, babu alikuja akakaa kwenye kigoda.

"Onyesha daftari," alisema.

Nikampa. Akalishika mbali na macho, mikono inatetemeka, na namba nazo zinatetemeka.

"Zilizo nzuri ni zipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akazisoma tarehe zote tatu polepole, akazirudia.

"Ya kwanza tulimzika mwalimu mstaafu," alisema. "Ya pili, yule mtoto aliyeanguka mtoni. Ya tatu, mama mkwe wa mzee wa kanisa."

"Umezikumbukaje?"

"Mwanangu, tarehe ndiyo kazi yangu. Wewe ukiona tarehe unaona namba. Mimi naona mahali pa kuweka patasi."

"Kwa hiyo mashine yangu inafanya kazi siku za misiba tu?"

"Usinicheke. Uliza siku za msiba panakuwa na nini."

"Watu hawaendi shamba."

"Na nini?"

"Maduka yanafunga mlango mmoja."

"Na nini?"

Hapo, ng'ambo ya barabara, kinu kilichokuwa kimepumzika kikisubiri wateja kikawashwa. Balbu ya karakana ikafifia ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikakaa hivyo muda wa kumeza mate, kisha ikapanda. Tuliiangalia wote wawili. Miaka yote balbu ile ilikuwa ikifanya hivyo mara thelathini kwa siku, na mimi nilidhani ndiyo tabia ya balbu.

"Na kinu kinafungwa," nilisema.

Ndiyo desturi ya mtaa wetu. Akifa mtu, awe wa msikitini au wa kanisani, kinu hakisagi mpaka azikwe, kwa sababu mngurumo wake unafika kila nyumba na ni aibu kusaga juu ya kilio. Mota kubwa ya kinu, kila ilipoamka, ilikuwa inavuta umeme wa waya mzima wa mtaa kama ndama anayenyonya. Mota zangu ndogo zikawa zinasahau zilifika hatua ya ngapi. Sauti ile nilikuwa nimeizoea mpaka nikaacha kuisikia, na kwa wiki karibu nne nilikuwa nikifungua boksi langu kutafuta kosa lililokuwa limekaa ng'ambo ya barabara, limejipaka unga.

Jumatano ilikuwa siku yetu ya giza kwenye mgao. Siku nyingine zote tulikuwa na umeme mchana tu, kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Ilibaki Alhamisi, siku ya soko, ambayo kinu husaga kuliko siku zote. Nilivuka barabara jioni ile ile.

Mwenye kinu alikuwa mama mmoja mjane, mnene wa sauti, nyusi zake nyeupe kwa unga. Alinizidi miaka kumi na maneno elfu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi redio."

"Shikamoo mama."

"Ehee! Shikamoo mbili jioni moja. Unataka nini?"

"Alhamisi nakuomba usiwashe kinu."

Alicheka mpaka unga ukamdondoka. "Usiku umelala vizuri wewe? Alhamisi? Kwa nini usiniombe nivue nguo nikatembee sokoni?"

"Hilo nalo lingesimamisha biashara, lakini mimi nimeomba la kinu."

"Kinu hiki hakijawahi kufungwa bila maiti, umenisikia? Umeme ukiwapo na mimi mzima, kinasaga."

"Basi mpaka saa nane."

"Mpaka saa nane nani? Mgao umeninyang'anya Jumatano, na wewe unataka Alhamisi. Nitabaki na siku gani, ya kiama?"

"Saa mbili mpaka saa sita. Saa nne tu. Na swichi yako inayonasa nitakutengenezea, maana nimeisikia inavyonasa, siku moja itakuunguzia mota."

"Swichi utatengeneza hata hivyo, wewe ni jirani." Akajipangusa nyusi. "Kuna nini saa hizo nne? Unamchongea nani?"

Nikamwambia. Ilibidi nitaje jina la marehemu, ambalo hapa silitaji. Mama yule akaacha kujipangusa.

"Yule aliyezikwa Muheza?"

"Ndiye."

"Alikuwa anakuja hapa na pishi yake ndogo ya bluu." Akaangalia chini. "Mimi sikwenda kule kwa babu. Nilisema akirudi nitakwenda. Akarudi, nikasema kesho."

Mimi wiki ile nilikuwa Tanga nikibishania mota za fotokopi, na niliporudi nilisema kesho kama yeye.

"Saa mbili mpaka saa sita," alisema. "Ukizidisha dakika moja naisaga mashine yako."

Alhamisi saa mbili kasoro babu alileta mbao imefungwa kwenye shuka. Niliipima mara mbili, nikaibana kwa klempu sita. Nikaweka alama ya penseli. Ng'ambo, mama mwenye kinu alifunga milango yote miwili, akatia kufuli, akatandika mkeka kwenye baraza na kuketi, mtandio kichwani kwa sababu ya jua. Nikabonyeza kitufe.

Kisu kikaingia. Na harufu ikatoka.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Paini inanuka paini. Lakini mkulo, ukiuchana, unanuka karafuu maiti, ile ile tunayomwekea marehemu kwenye sanda. Miaka ishirini chini ya kitanda ilikuwa imeikamua kidogo tu. Ndani ya nusu saa harufu ilijaa karakana, ikatoka mlangoni, ikavuka barabara na kupanda mtaani.

Babu alikaa kando ya meza na unyoya wa kuku, kazi yake kufagia unga wa mbao nyuma ya kisu. Mkono ulivyokuwa ukitetemeka, hakuhitaji kufanya zaidi ya kuuweka karibu. Unyoya ulijifagilia wenyewe. Mimi macho yalikuwa kwenye balbu. Haikucheza.

Kwenye saa tatu wakaanza kufika watu wa soko na debe zao za mahindi kichwani. Nilikuwa nawasikia kutoka ndani. Wa kwanza aliita, "Mama, hatusagi leo?" Kisha akatazama. Umeme upo, redio ya duka inaimba, kinu kimefungwa, mwenye kinu ameketi mkekani na mtandio kichwani. Na harufu ile. Alishusha debe.

"Kafa nani?" aliuliza, sauti ya chini.

Nilingoja mama acheke. Hakucheka. Alivuta mtandio mbele, kama mtu anayechagua, kisha akajibu:

"Mke wa fundi misalaba. Mwenyewe yuko hapo chini."

Duka likazima redio.

Walikuja wawili wawili, watatu watatu. Wanaume walivua kofia mlangoni. Wanawake waliacha mizigo barazani, wakafunga kanga viunoni, wakaja kuketi uwanjani kwangu kati ya fotokopi zilizokufa. Sikuweza kusimamisha mashine, na babu hakuweza kuacha unyoya, kwa hiyo walimwinamia mmoja mmoja pale alipokaa na kumshika mkono wa kushoto.

"Pole babu."

"Nimekwishapoa."

"Pole sana baba."

"Ahsante, mwanangu. Angalia waya hapo."

Mzee mmoja wa kutoka juu, rafiki yake wa kanisani, aliyekuwa haoni vizuri, alimwuliza sikioni, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri pia, "Tunazika saa ngapi?"

Uwanja mzima ulisikia. Babu akatazama kisu. Kilikuwa kinamalizia mguu wa A, ule unaotangulia.

"Amezikwa mwaka jana," alisema. "Muheza."

Mota za hatua zilisikika zikiimba, juu na chini, kama zinavyofanya. Nilidhani watu watanyanyuka. Nilidhani mtu atakasirika, aseme ameacha soko kwa uongo. Nilianza kupanga maneno ya kumtetea mama mwenye kinu. Yule mzee akavuta kigoda cha pembeni na kukaa taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Basi tumechelewa, mghosi," alisema. "Tusogezee hapo tukae."

Babu akapitisha unyoya mara moja, mara mbili, mahali ambapo hapakuwa na unga. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, na huo haukuwa ule mtetemo wa siku zote. Wanawake waliuona kabla yangu, wakaanza kuimba wimbo wa kitabu cha kanisani chini chini, wasije wakaizidi mashine. Waislamu tulikaa kimya kama tunavyokaa.

Saa tano na dakika arobaini na nane kichwa kilipanda, daraja likarudi. Kisu kilishuka na kusimama juu ya alama ya penseli. Nililala kifudifudi kwenye meza nikaangalia kwa kioo cha kukuzia. Nikaangalia tena. Juu ya alama. Hatua zote zilikuwa zimerudi nyumbani.

Nilifungua klempu. Babu alipitisha kidole gumba herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi ya kwanza.

"Ndizo," alisema. "Bado msasa."

Kazi ya msasa ilikuwa ya mtu mmoja miaka thelathini na zaidi, na kila mtu pale aliijua. Mama mwenye kinu akasimama uwanjani. Kwenye msiba mtu haketi tu, kuna maji ya kuteka, kuna kuni, na yeye alikuwa ametafuta pa kushika tangu asubuhi akakosa.

"Fundi, una karatasi ngapi?"

Nilikuwa nayo moja. Akaichukua, akaichana vipande vidogo vidogo, akavigawa. Mbao ikatolewa nje, ikawekwa juu ya magoti ya wanawake watano walioketi mkabala. Kila mtu akaja kupiga msasa kidogo na kumpisha mwenziwe. Wengine walifumba macho, wakifuata herufi kwa kidole kama alivyokuwa akifanya yeye. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita. Niliangalia kinu, nikamwangalia mwenye kinu. Yeye alikuwa anapuliza vumbi kwenye tarehe.

Nilisimama mlangoni, nikafanya ninachofanya nisipojua la kufanya. Niliwahesabu watu. Arobaini na mmoja. Nikahesabu mara ya pili kuanzia barazani: arobaini na wawili. Nikarudia, nikitaka kumpata aliyezidi. Kila nilivyohesabu kwa kidole nilipata arobaini na mmoja, na ile mara ya pili, nilipoanzia barazani, nilikuwa nimepita mlangoni nilipokuwa nimesimama, nikajihesabu na mimi.

Nikaweka bisibisi chini. Nikavuka uwanja mpaka kwa babu, ambaye nilikuwa nimekaa naye wiki nne tukizungumzia mota, nikapiga goti na kumshika mkono.

"Pole babu," nilisema.

Akaniangalia muda mrefu, kama aliyekuwa ameniweka kwenye hesabu akangoja nifike.

"Nimekwishapoa, mwanangu," alisema, akanipa kipande chake cha msasa.